Siku Tuliyomchagua Kozi

Vilebu, yaani watoto wa mbwa, walikuwa saba, wamelala rundo moja kwenye kona ya banda, na mwenye mbwa hakutaka tuwaguse. Alikuwa mama wa makamo, mikono yake imejaa mikwaruzo ya kucha ndogo. "Waacheni waamke wenyewe, wanangu," alisema. "Mbwa ukimwamsha, utaona usingizi wake tu, tabia hutaiona."

Basi tukaanza na mama yao, na hapo ndipo ningemshauri yeyote aanzie. Alikuwa Border Collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mwenye manyoya meupe shingoni. Alibweka mara mbili, akaja mlangoni, akanusa viganja vyetu, kisha akaenda zake kujilaza kivulini. Kule kujilaza ndiko tulikokufuata. Mbwa wa kuchunga asiyejua kutulia wakati hakuna kazi ni mzigo nyumbani, na watoto hulipata hilo kwa mama kwa njia mbili: kwa damu, na kwa kumwona anavyowapokea wageni katika wiki zao za mwanzo. Kaka yangu akadondosha funguo kwenye sakafu ya saruji, makusudi. Jike akaruka, akageuka, akatulia, akaja kuzinusa. Kushtuka si kasoro, maana mbwa hawa wana masikio makali. Kinachopimwa ni muda anaochukua kurudi katika hali yake. Angejibanza ukutani na mkia katikati ya miguu mpaka tunaondoka, tungeaga bila hata kuwatazama watoto.

Baba yao hakuwapo, jambo la kawaida, kwa sababu mfugaji makini humpeleka jike wake kwa dume anayemfaa, hata kama yuko mbali. Karatasi zake zilikuwapo. Tuliomba za wazazi wote wawili: picha za eksirei za nyonga, majibu ya vinasaba, na ripoti ya macho. Nyonga iliyolegea hurithiwa, na mara nyingi haionekani mpaka mbwa aanze kuchechemea. Macho nayo yana jambo lake. Mbwa wa ukoo wa Collie wana ugonjwa wa kurithi wa sehemu ya nyuma ya jicho, ambao daktari huuona vizuri zaidi kilebu akiwa na wiki 6 hadi 8. Baadaye rangi ya ndani ya jicho hukomaa na inaweza kuifunika dosari ndogo, mbwa akaonekana mzima ilhali ana jeni zote mbili za ugonjwa na atampa kila mtoto wake mojawapo. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba hakiepukiki. Mzazi mmoja akiwa safi kabisa, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa baadhi wanaweza kuibeba jeni hiyo.

Karatasi nyingine ambayo watu husahau kuiuliza ni ya jeni iitwayo MDR1. Ikiwa na hitilafu, dawa kama ivermectin, ambayo mifugo hupewa kuua minyoo, hupenya mpaka kwenye ubongo, mbwa akayumba, akapoteza fahamu, hata akafa. Hitilafu hiyo ni ya kawaida kwa Collie na Australian Shepherd. Kwa Border Collie ni adimu. Lakini palipo na mifugo mara nyingi ivermectin haikosekani, na kipimo cha kondoo kinatosha kumdhuru mbwa mwenye hitilafu hiyo. Hata kinyesi cha farasi aliyetoka kupewa dawa ni hatari kwake, na mbwa hawa hula kinyesi bila aibu yoyote.

Kilebu mmoja alikuwa wa kijivu mwenye mabaka meusi, rangi ambayo wafugaji huiita merle, na bila shaka ndiye kila mgeni humkimbilia. Nilipouliza kuhusu wazazi, yule mama alijibu kabla sijamaliza swali: baba ni merle, mama si merle. Hapo nikapumua. Wazazi wote wakiwa merle, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi jeni hiyo pande zote mbili, na wengi wa hao huzaliwa viziwi au na macho yasiyoona. Anayepandisha merle kwa merle ili apate rangi ya kuuza, usinunue kwake hata akuonyeshe vyeti gani.

Wakaanza kuamka. Wa kwanza, dume mnene, alitufuata mbio, akapanda juu ya viatu, akang'ang'ania kamba ya kiatu cha kaka yangu na kuivuta huku akinguruma. Ni huyu ambaye watu humchukua wakisema, "Amenichagua mwenyewe." Hajakuchagua. Ndivyo anavyokivamia kila kitu kinachosogea, na katika nyumba yenye watoto wadogo ndiye atakayekuwa akiwang'ata visigino mwaka mzima. Apelekwe kwa mtu mwenye ng'ombe na subira. Upande wa pili kulikuwa na jike mdogo aliyebaki kwenye kona, mgongo umejikunja. Huyu huvuta huruma, na huruma ni mshauri mbaya siku kama hii, kwa sababu kilebu mwenye hofu katika umri ule, ndani ya banda analolijua, atapata tabu zaidi atakapokutana na barabara, pikipiki na wageni.

Tulibaki na watano wa katikati, na hapo tukafanya majaribio machache, kilebu mmoja mmoja, mbali na wenzake. Kuwatenganisha ni muhimu hasa kwa kupima masikio: kiziwi akiwa kundini hugeuka kwa sababu wenzake wamegeuka, wala hutamgundua. Unasimama nyuma yake asikuone, mahali ambapo upepo wa mkono wako haumfikii, unapiga mluzi. Kisha unachuchumaa na kumwita kwa sauti nyororo. Unaviringisha karatasi iliyofinyangwa: je, anaifuata, anaiokota, anakuletea au anaondoka nayo? Unadondosha kifuniko cha bati hatua chache kutoka alipo. Unamlaza chali mkononi kwa sekunde chache. Atafurukuta, sawa, lakini je, anakubali kutulia? Majaribio haya hayatabiri vizuri mbwa atakavyokuwa akishakua, na anayekuahidi hivyo anajipamba. Kazi yake ni kuondoa wale waliozidi upande mmoja au mwingine. Na usipime mara tu baada ya kula, maana wote watakuwa wapole.

Kozi, ambaye siku ile hakuwa na jina, alikuwa na shughuli zake na kipande cha gunia. Kifuniko kilipolia aliinua kichwa, akakitazama, akaenda kukigusa kwa pua, akarudi kwenye gunia lake. Nilipomwita alikuja, akakaa kidogo, akalamba kidole gumba changu, akaondoka. Nilipomwita tena akaja tena. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta: anayeona, anayerudi, na anayeweza kuachana na jambo.

Tukamkagua mwili. Ufizi wa waridi, si mweupe. Tumbo laini, tumbo lililovimba kama ngoma kwa kilebu mwembamba mara nyingi ni minyoo. Kitovu bila uvimbe wa henia. Macho na pua bila usaha, nyuma pasafi bila dalili za kuharisha. Meno ya juu yakiifunika kidogo safu ya chini. Na kwa kuwa ni dume, kende mbili zilizokwisha kushuka. Katika wiki ya 8 zinatakiwa ziweze kupapaswa, na ikibaki moja ndani, asitumike kwa uzazi na atahitaji upasuaji baadaye.

"Mama, tunamtaka huyu wa gunia," kaka yangu akasema.

"Chukueni, ila nawaambia mapema," akajibu. "Akifungiwa peke yake hupiga kelele."

Mfugaji anayekutajia kasoro ya kilebu kabla hujalipa ni wa kuaminiwa. Naye alitugeukia na maswali yake: mchana nani yuko nyumbani, uzio una urefu gani, kuna nani anayekimbia kimbia uani. Alikuwa amewapa dawa ya minyoo tangu wiki ya 2, kila baada ya wiki mbili, na chanjo ya kwanza tayari. Hakukubali tuondoke naye kabla ya wiki ya 8. Hilo halikuwa ukaidi. Ni katika wiki zile ambapo kilebu hujifunza kwa ndugu zake kwamba ukiuma kwa nguvu, mchezo unakwisha. Anayeondolewa mapema hukosa somo hilo, na mikono yako ndiyo inayolipa.

Siku ya kumchukua alikuja na kitambaa chenye harufu ya mama yake, tukakiweka ndani ya kizimba kando ya kitanda. Kelele alizotuonya zilikuja usiku huohuo. Dawa yake ni ukaribu: kizimba kinakaa mahali anapokusikia ukipumua, kisha kinasogezwa kidogo kidogo kuelekea mahali pake pa kudumu. Mchana mlango unafungwa akiwa anatafuna kitu, unafunguliwa kabla hajaanza kulia, na muda unaongezwa taratibu. Ukimfungulia katikati ya kelele, umemfundisha kwamba kelele ndiyo ufunguo. Lakini kwanza hakikisha hataki kujisaidia. Kilebu wa umri ule hawezi kujizuia kwa muda mrefu, na hutolewa nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza.

Nyumbani tulikuwa na Nyota, jike mtu mzima wa aina hiyohiyo. Tuliwakutanisha nje ya uzio, wakatembea sambamba kwanza, kisha wakaingia pamoja. Nyota alimngurumia alipong'ang'ania mkia wake, na tukamwacha angurume. Mbwa mzima anayekatazwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Ila mabakuli yalitenganishwa, na kila siku kilebu alipata muda wake na binadamu bila mwenzake, kwa sababu anayelelewa na mbwa mwingine tu hushikamana na mbwa huyo kuliko na wewe.

Chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kilebu afikishe angalau wiki 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa mama huweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Tatizo ni kwamba dirisha la kuizoea dunia hufunguka kwenye wiki ya 3 na kuanza kufungika kwenye wiki ya 12 hadi 14, kabla chanjo hazijakamilika. Kwa hiyo tulimbeba. Aliona malori, watu wenye kofia, miavuli inayofunguliwa na watoto wakikimbia, yote akiwa mikononi, bila kukanyaga mahali wanapopita mbwa tusiowajua.

Sasa, jambo linalowashinda wengi. Kilebu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, lakini wa kuchunga halali mwenyewe; dunia inamwita. Jioni huanza kung'ata pindo za suruali, kuzunguka meza, kubwekea kiti. Mwenye nyumba husema ana nguvu nyingi, humtoa tena nje kumrushia mpira, na kesho yake hali huwa mbaya zaidi. Yule ni mtoto aliyekosa usingizi. Akae macho kwa saa moja hivi, kisha arudi kizimbani alale. Na mpira wa kurusha mfululizo si mazoezi kwa mbwa huyu, kwani unamwasha bila kumfundisha kuzima, na zile kona za ghafla zinaumiza viungo ambavyo mifupa yake itamaliza kukua kati ya miezi 12 na 18. Dakika kumi za kutafuta chakula kilichotawanywa kwenye majani humchosha vizuri zaidi. Taa ya leza usimwonyeshe hata mara moja. Kuna mbwa wa kuchunga walioishia kufukuza vivuli ukutani kutwa nzima.

Kulala chini bila kufanya kitu tulimfundisha kwa mkeka. Akikanyaga mkeka, punje ya chakula inawekwa chini, kati ya miguu yake ya mbele, si mdomoni, ili kichwa kishuke. Akilala, punje nyingine. Mwanzoni hulala kifua wima, nyonga zimejipanga, tayari kuruka. Hiyo ni kazi kwake, hajapumzika. Unangoja. Ghafla nyonga moja inaangukia upande, pumzi ndefu inatoka puani, kidevu kinashuka. Hapo ndipo punje kubwa hutolewa, polepole, bila neno. Baada ya muda mkeka unasogezwa karibu na mlango, kisha nje, kisha mahali kondoo wanapoonekana kwa mbali.

Silika yenyewe huja kwa hatua: anakazia macho, ananyemelea, anafukuza. Wafugaji walipunguza kuuma na wakaondoa kuua, hayo mengine wakayakuza. Kozi alipoanza kuyakazia macho magari, kichwa kimeshuka sawa na mabega, tulimgeuza palepale na kumwita kwa chakula, akiwa na mkanda wa kifuani na kamba ya mita 10. Ukingoja mpaka akimbie umechelewa, kwa sababu kule kufukuza kwenyewe ndiyo zawadi yake, na hakuna chakula kitakachoishinda.

Kondoo hatukumkaribisha mapema. Kilebu asiye na mbio za kuwapita hubaki nyuma yao na kujifunza kufukuza, badala ya kuzunguka mpaka mbele ya vichwa vyao na kuwazuia. Kwa wengi mbio hizo huja kati ya miezi 8 na 12. Zake zilipokuja tulimwingiza kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa uzio, pamoja na kondoo wachache waliozoea mbwa, kamba ikiburuzika nyuma yake. Dakika chache tu, kisha nje, kabla hajachoka na kuanza kuuma.