Mbuzi akishashiba anataka nini tena?

Mvua zikishaanza, Desemba hivi, mbuzi wa kwetu Masasi hawafunguliwi ovyo. Mashamba yana kunde, mbaazi na mihogo michanga, na mbuzi mmoja akiingia kwa jirani, kesi inafika kwa mwenyekiti jioni ile ile. Utaratibu huo naukubali. Ninachogombana nacho ni namna tunavyowafungia: banda limefagiwa, maji yapo, majani yametupwa chini, basi, mfugaji anaona kazi imekwisha.

Kwamba mnyama aliyefungiwa anahitaji pia shughuli ya kufanya, hilo nilijifunza kwa farasi. Kabla ya kurudi kusini nilifanya kazi kwenye mazizi huko Arusha. Farasi ameumbwa kula nyasi kidogo kidogo. Akiwa malishoni anaweza kula hata saa 16 kwa siku. Sasa mfungie peke yake, mpe nafaka asubuhi na jioni. Anamaliza upesi, kisha anabaki amesimama tu. Ndipo unamkuta mmoja ameng'ata ukingo wa mlango anavuta hewa kooni, mwingine anayumba kulia, kushoto, kulia, kushoto, muda mrefu. Watu wanasema huyu mtundu, wanamfunga mkanda wa shingo ili aache. Mimi mkanda ule naona ni kumziba mdomo mnyama anayelalamika. Tabia hiyo ikishakomaa haitoki kirahisi hata umboreshee maisha, kwa hiyo tuliwahi mapema: nyasi ndani ya wavu wenye matundu madogo azivute moja moja, dirisha la kumwona mwenzake, na kutoka nje kila siku hata kama hapandwi.

Farasi huku kwetu hawapo, lakini mbuzi wa bandani naye amenyimwa kazi yake. Mbuzi ni wa vichakani, anakula akiwa ameinua kichwa. Kwa hiyo mimi majani siyatupi chini. Nafunga matawi ya lukina na mbaazi kwenye boriti, juu kidogo ya vichwa vyao. Nina jike mmoja mweusi, anaweka miguu ya mbele ukutani, ananyoosha shingo, anachagua jani changa na kuliacha lililokomaa. Majani yakiisha anarudia tawi lenyewe, anabandua ganda kwa meno ya chini, maana juu hana meno ya mbele. Fungu ambalo chini lingekanyagwa na kukojolewa linamshughulisha mchana kutwa.

Halafu mawe. Masasi mawe si ya kutafuta. Niliviringisha makubwa mpaka ndani, nikayapanga yasiyumbe, juu yake nikalaza ubao mpana. Wanapanda, wanashuka, wanalala juu. Kwato zinasuguka, ingawa kuzikata bado ni lazima. Na aliye mnyonge, yule anayepigwa pembe kila akisogelea chakula, amepata pa kukimbilia. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Mjomba wangu alipoyaona aliniuliza, "Mjomba, mbuzi akishashiba anataka nini tena?" Namheshimu sana, amefuga tangu sijazaliwa. Lakini mbuzi wake walishinda milimani, wakirudi jioni wamechoka wenyewe. Hakuwahi kumfungia mnyama miezi mitano mfululizo, ndiyo maana swali hilo halikumsumbua.

Msimu wa korosho nawatupia mabibo, machache, huku na huku kwenye pembe za banda wayatafute. Yasizidi: yana sukari nyingi, yanavuruga tumbo.

Ukitaka kujaribu, anza na matawi, hayana gharama. Ila usiache kamba inayoning'inia na kitanzi, mbuzi ataingiza shingo. Funga fundo fupi, ncha zote zibaki juu ya boriti. Ubao nao uweke mbali na ukuta, la sivyo ndani ya siku chache utawakuta wamo shambani kwa jirani.