Butiama: anzia Mwitongo, makumbusho yaje baadaye

Wageni wengi hufika Butiama wakiulizia nyumba aliyozaliwa Mwalimu Nyerere. Nyumba hiyo haipo. Mwaka 1922 mji wa baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, ulikuwa wa nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, kila mke na yake. Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Udongo na nyasi havidumu miaka mia. Kilichotunzwa ni kiwanja chenyewe: kilima cha mawe makubwa, makaburi, miti, na nyumba alizojengewa Mwalimu ukubwani. Hata jina la mahali, Mwitongo, kwa wenyeji lina maana ya palipokuwa na mji wa zamani, yaani mahame. Anayelijua hilo mapema haondoki amevunjika moyo.

Ukitokea Mwanza, panda basi lolote la Musoma, Tarime au Sirari. Litapita Magu, Lamadi na Bunda, kisha mwambie kondakta akushushe Makutano, njia panda ya Butiama. Taja "ya Butiama" kabisa, kwa sababu Makutano ziko nyingi nchi hii. Kutoka hapo zimebaki kilomita zisizofika 20, kwa bodaboda au gari dogo. Kosa la kawaida ni kuondoka Mwanza saa nne asubuhi na kufika Butiama alasiri ukiwa na dakika arobaini tu mkononi. Bora ulale Musoma, uingie Butiama saa tatu asubuhi. Vivyo hivyo kwa wanaopitia hapa wakielekea Serengeti kwa barabara ya Nata: wakiambiwa na dereva kwamba ni "kusimama kidogo tu", wakatae. Nusu siku ndiyo kipimo cha haki.

Malipo ya taasisi za serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu, na noti kidogo mfukoni kwa ajili ya siku ambayo mtandao umegoma. Mtanzania beba kitambulisho, kwani kiingilio chake ni cha chini kuliko cha mgeni. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya Mwitongo huteleza vibaya baada ya mvua, na Machi hadi Mei mvua haina adabu.

Mazoea ni kuanza na jengo la makumbusho. Mwombe mwongozaji mgeuze utaratibu, mwanzie juu Mwitongo jua likiwa bado pole, kisha mshuke makumbusho wakati wa joto. Faida si kivuli pekee. Ukitanguliza picha na zawadi za marais, kilima kitaonekana kama nyongeza; ukitanguliza kilima, picha zitapata mwenyewe.

Juu huko, simama kwanza kwenye makaburi ya wazazi. Burito alifariki mwaka 1942 na kurithiwa na mwanawe mwingine, Wanzagi. Miaka 21 baadaye utawala wa machifu ulifutwa nchini, na serikali iliyoufuta iliongozwa na mtoto wa mji huuhuu. Kaburi la Mwalimu mwenyewe liko ndani ya jengo lake, hatua chache tu kutoka hapo. Alizikwa Oktoba 23, 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Wakatoliki wengi huja hapa kusali, kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri umeshaanza. Ukikuta watu wamepiga magoti, zima kamera usubiri. Oktoba 14, siku aliyofariki, na Aprili 13, siku aliyozaliwa, umati ni mkubwa. Anayetaka utulivu azikwepe tarehe hizo.

Halafu geukia mawe. Ni matale yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake pimbi huchungulia na kutoweka. Hapa ndipo mwongozaji mzuri anapojulikana. Muulize habari za majina. Nyerere, jina la baba, linatokana na viwavi walioshambulia mimea wakati wa kuzaliwa kwake. Kambarage, jina la mtoto, ni la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilikuwa kubwa. Baba viwavi, mwana mvua: ni majina ya watu wanaoishi kwa kutazama shamba na mawingu, na ukiwa juu ya jiwe unayaona mashamba hayo yametandazwa mbele yako. Muulize pia juu ya bao. Wazee husimulia kwamba chifu wa jirani aliyekuwa akija kucheza bao na Burito aliuona wepesi wa akili wa kijana huyu, akashauri apelekwe shule.

Nyumba za ukubwani ni mbili: ile aliyojengewa na chama, na ile aliyojengewa na Jeshi, ambayo hakuikaa sana kabla ya kwenda kutibiwa mwaka 1999. Huu ungali ni mji wa familia. Usisukume mlango, usichungulie dirishani, na mzee ukikutana naye uani, shikamoo itangulie kabla ya swali lolote.

Kwenye makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1999, usipite haraka vyombo vya Kizanaki ukikimbilia picha za Ikulu. Vyombo hivyo ndivyo vinavyokuonyesha ndani ya nyumba ambayo kule juu hukuikuta.

Ukibaki na muda, malizia Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma mjini. Kambarage alianza hapo mwaka 1934 akiwa na miaka 12, kilomita zipatazo 42 kutoka kwao. Ukirudi Musoma kwa gari, tazama mita ya dereva unapoondoka Butiama na tena unapofika shuleni. Madarasa bado yana wanafunzi, hivyo pita ofisi ya mwalimu mkuu kabla ya kutoa kamera, na wiki ya mitihani usiende kabisa.