Bwalo la shemeji
Jana tulikuwa kambini huku Mbeya, baridi ya Julai mnaijua, wamezindua bwalo la maafisa wamelipa jina la shemeji yangu aliyefia Kongo kwenye ulinzi wa amani. Mama mkwe kaambiwa avute kamba, pazia likagoma, bibi wa watu akavuta kwa nguvu zote likang'oka na fimbo yake, wanajeshi wamekaza sura kumbe wanacheka kwa ndani 😂 Akapapasa kile kibao herufi kwa herufi, eti anahakiki kama wamepatia. Kambi ya Lugalo ya Dar nayo ina jina la kule Iringa Wahehe walikomchapa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, 1891, ila jina la mtu uliyekula naye ugali ni habari nyingine jamani. Sasa watoto wanauliza, humo ukoo mzima tunakula bure?