Mwanangu alianguka, kisha akachelewa kuongea: jinsi nilivyoitafuta sababu

Mwanangu alianguka kutoka kitandani akiwa na miezi 9. Alipotimiza miaka 2 maneno yake yalikuwa ya kuhesabu vidoleni, na alikuwa hajawahi kuunganisha mawili. Kwa ndugu na jamaa jibu lilikuwa tayari: ni kile kichwa. Mama mkwe alilisema kwa upole, wifi yangu akalisema wazi, na mimi usiku nilikuwa silali kwa wazo hilohilo. Namwandikia mzazi aliye katika hali hiyo sasa hivi, maana kuna swali moja lililotufungulia njia.

Kwanza siku yenyewe. Alilia papo hapo, akanyamaza nilipomnyonyesha, nundu ikajitokeza kwenye paji la uso. Hospitali daktari aliuliza kama alizimia, kama ametapika mara kwa mara, kama amepata degedege, kama anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha. Akagusa utosi kuona kama umetuna. Akapitisha vidole pembeni na nyuma ya kichwa, kwa sababu kwa mtoto mdogo uvimbe laini sehemu hizo unatia shaka kuliko nundu ya mbele. Akachungulia masikio na pua kama yanatoka damu au maji. Hakuona kitu. Tuliwekwa pale kwa saa kadhaa akiangaliwa, kisha tukaruhusiwa bila picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa. Nilitaka ile picha, nikasema hivyo. Akanieleza kwamba inatumia mionzi, na mtoto asiye na dalili za hatari hapigwi mionzi ili tu mzazi atulie. Lakini dalili mojawapo kati ya hizo ikitokea, hata siku ya pili, mtoto anarudishwa hospitali bila kusubiri kukuche.

Daktari wa watoto tuliyemwendea baadaye kwa suala la kuongea hakutaka kusikia sana habari za kitanda. Aliuliza: kabla ya kuanguka alikuwa anaweza nini, na baada ya hapo kuna alichoacha kufanya?

Sikuweza kujibu kwa kichwa. Nilirudi nyumbani nikafungua simu, nikaanza kupanga video kwa tarehe. Kabla ya kuanguka: anakaa mwenyewe, anarudia ba-ba-ba, anacheka akifichwa uso. Wiki zilizofuata: ba-ba-ba ipo, da-da imeongezeka. Kisha anapunga mkono, anasimama kwa kushika kiti, na karibu na mwaka mmoja ananyoosha kidole kunionyesha ndege, halafu ananitazama kuhakikisha kama nami nimemwona. Hakuna alichopoteza. Daktari alizitazama zote kwa makini. Akasema jeraha la ubongo la kiasi cha kuharibu lugha kwa kawaida halijifichi kwenye lugha peke yake. Huonekana kwa mkono au mguu mmoja kuwa dhaifu, kwa degedege, kwa macho, au mtoto kurudi nyuma. Na mtoto yeyote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe haraka, awe ameanguka au hajaanguka. Kile kidole cha ndege nacho kilimsaidia alipokuwa akiangalia uwezekano wa usonji (autism), hali ya ukuaji inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na watu.

Video hizohizo zilionyesha jambo jingine. Mara nyingi naita jina lake nikiwa nyuma yake na hageuki. Nikiwa mbele yake, anaitika. Daktari akaandika kipimo cha usikivu, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachotakiwa kutangulia kwa kila mtoto anayechelewa kuongea, hata yule ambaye familia inaapa kwamba anasikia vizuri. Kusikia mlango ukibamizwa si kusikia maneno.

Kipimo kimoja kilikuwa cha muda mfupi sana. Mtaalamu aliweka kiziba laini mlangoni mwa sikio, mashine ikabadilisha presha ya hewa, mstari ukajichora kwenye kioo. Ngoma ya sikio ikitikisika vizuri, mstari hupanda na kushuka kama kilima. Wa mwanangu ulikwenda bapa, kulia na kushoto. Nyuma ya ngoma kulikuwa na majimaji yaliyobaki baada ya mafua ya kila mara, bila homa wala maumivu, ndiyo maana hatukujua. Hatukupewa antibiotiki, maana hazisaidii kwa hali hiyo. Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi 3 hivi, yakikaa zaidi na usikivu ukabaki chini ndipo huzungumziwa vijibomba vya kupitisha hewa vinavyowekwa kwenye ngoma ya sikio. Daktari hakusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Baba yake naye alichelewa kuongea, na hilo liliandikwa kwenye faili.

Hatukusubiri masikio yakauke. Mtaalamu wa matamshi na lugha alitufundisha kazi ya nyumbani: televisheni izimwe, nikae chini usawa wa uso wake, niongee karibu, sentensi fupi, na niache kumwambia "sema hivi". Akisema "gai", nijibu "ndiyo, gari linakwenda", basi. Gumu kuliko yote lilikuwa kunyamaza. Nashika kikombe na mpira, nauliza anataka kipi, halafu nasubiri nikihesabu moyoni huku mdomo unaniwasha kumjibia. Siku moja gari lake liliingia uvunguni mwa kitanda. Alichungulia, akainuka, akasema, "Gari hakuna." Nilimwita baba yake kwa sauti mpaka mtoto akashtuka.

Mama mkwe nilimkalisha nikamwonyesha zile video kwa mpangilio wake. Alipofika ya ndege alisema, "Kumbe mwanangu, huyu alikuwa anaelewa yote." Tangu siku hiyo naye humwita akiwa mbele yake.

Sikio la kushoto lilipona kwanza, la kulia likachukua muda zaidi ila halikuhitaji kijibomba. Sasa ana miaka 3 na nusu, anasimulia, anabisha, na watu wasiomzoea wanamwelewa sehemu kubwa. Bado anasema "l" palipo na "r", na mtaalamu anasema kwa umri wake hilo halihitaji matibabu. Mafua yakimkaa muda mrefu tunarudi kupima sikio la kulia.