Kutoka Mampong hadi Zaandam: safari ya kuifuata mbegu ya kakao

Barabara inayopanda milima ya Akuapem, kaskazini mwa Accra, mji mkuu wa Ghana, ina kona nyingi, na kituo changu cha kwanza juu yake kilikuwa shamba dogo la Mampong. Hapo ndipo Tetteh Quarshie, mhunzi aliyerejea kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho siku hizi huitwa Bioko, alipopanda mbegu za kakao mwaka 1879. Wamisionari wa Basel walikuwa wamejaribu kuotesha mche huo milimani humo kabla yake, lakini taifa limempa heshima mhunzi, nami sioni ubaya, kwa kuwa majirani walipata mbegu kwake. Kufikia mwaka 1911 nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Gold Coast, ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha kakao. Kwa mti ambao asili yake ni bonde la juu la Amazon, na ambao ulitumiwa na wakazi wa Ecuador ya leo miaka 5,300 hivi iliyopita, hiyo ni kasi ya ajabu.

Nilipita Tafo, penye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1938 kwa sababu miti ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi. Virusi hivyo hubebwa na wadudu wadogo waitwao vidung'ata na havina dawa hadi leo. Mti ulioambukizwa hung'olewa, pamoja na majirani zake wanaoonekana wazima. Ni rahisi kueleza hatua hiyo darasani kuliko kumweleza mwenye shamba, ambaye atasubiri miaka kadhaa kabla mche mpya haujazaa.

Kilichonivuta zaidi kilikuwa Sefwi Wiawso, magharibi mwa nchi, ambako msimu mkuu wa mavuno ulikuwa umepamba moto. Matunda ya kakao huning'inia kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, kwa sababu maua yake madogo, yanayochavushwa na visubi, huchipuka hapohapo kwenye gome. Wavunaji huyakata kwa panga au kwa kisu kilichofungwa kwenye ufito mrefu, huyakusanya mahali pamoja, kisha huyapasua na kuchota mbegu zilizofunikwa na ute mweupe mtamu. Mbegu mbichi niliyoitafuna ilikuwa chungu na kavu mdomoni, wala haikuwa na dalili yoyote ya chokoleti.

Mzee mwenye shamba alinipeleka kwenye rundo lililofunikwa kwa majani ya migomba, akayafunua kidogo, na mvuke wenye harufu ya siki ukatupiga usoni. Hamira za asili hula sukari ya ute na kuigeuza kuwa pombe, bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa siki, na joto hupanda hadi nyuzi 45 au 50 za Selsiasi, kiasi cha kuua kiini cha mbegu na kuamsha ndani yake mabadiliko yatakayozaa ladha ya chokoleti wakati wa kukaanga. Mzee huvundika kwa siku sita na kuligeuza rundo katikati ya muda huo, kazi inayochosha mgongo, kisha huzianika mbegu juani kwenye vichanja vya mianzi na kuzichambua kwa mkono hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 7 au 8. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiwanda cha kwanza cha chokoleti, na mwenye kiwanda hicho halipwi kama mwenye kiwanda.

Nilipomuuliza analipwa nini kwa siku hizo sita, alinionyesha mizani ya karani wa ununuzi. Bei hutangazwa na serikali kupitia Cocobod, bodi ya kakao ya Ghana, nayo ni moja kwa nchi nzima, kwa gunia la kilo 64. Wakaguzi hukata mbegu kwa urefu na kutazama rangi ya ndani: za kijivu hazikuvunda, za kahawia zimevunda sawasawa, na mzigo wenye zaidi ya asilimia 3 ya ukungu hauingii daraja la kwanza. Anayevuka mstari huo kwa shida na anayeuvuka kwa mbali hulipwa sawa.

Niliteremka kusini kupitia Enchi hadi mpaka wa Elubo, nikaingia Côte d'Ivoire, nchi inayotoa karibu asilimia 40 ya kakao yote duniani. Huko nako serikali hupanga bei ya mkulima, na tofauti kati ya bei hizo mbili inapokuwa kubwa, magunia huvuka mpaka usiku kwa njia za porini. Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 katika soko la New York, lakini nchi zote mbili zilikuwa zimekwisha kuuza sehemu kubwa ya mavuno kabla, kwa bei ya chini, hivyo neema hiyo iliwafikia wakulima kwa kuchelewa.

Safari yangu iliishia Zaandam, karibu na bandari ya Amsterdam, inayopokea kakao nyingi kuliko bandari nyingine yoyote. Uholanzi ina historia ndefu katika kazi hii: mwaka 1828 familia ya Van Houten ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Fundi mmoja wa ukaangaji aliniambia kuwa mtambo wake unaweza kupunguza uchachu, lakini hauwezi kuipa mbegu ladha ambayo haikupatikana ndani ya rundo. Baadaye alinionyesha ghala ambamo shehena kubwa humwagwa bila magunia, za wakulima wengi kwa pamoja, na kuchanganywa kabla ya kukaangwa. Mbegu za siku sita na zile zilizoharakishwa huingia humo pamoja, na baada ya hapo hakuna anayeweza kujua zipi ni za nani.