Mtoto wa mbwa mdogo: hesabu saa kabla ya gramu

Anayefuga mbwa wa aina ndogo kama Chihuahua, Yorkshire Terrier au Pomeranian kwa mara ya kwanza huuliza ampe chakula kiasi gani. Aanze na swali jingine: huyu anaweza kukaa saa ngapi bila kula?

Mtoto wa mbwa wa kilo 1 hana akiba. Ini lake dogo huhifadhi sukari kidogo, misuli haijajaa, mafuta mwilini ni haba, na kwa udogo wake hupoteza joto upesi. Akikosa mlo, akipigwa na baridi au akicheza hadi akaishiwa nguvu, sukari ya damu inaweza kushuka. Hatari hii ni kubwa tangu anapoachishwa kunyonya hadi miezi 4 hivi. Utamwona amelegea, anayumba, anatetemeka, ukichelewa, degedege. Mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi, mfunike apate joto, kisha mwahishe kwa daktari wa mifugo. Usimmiminie kitu mdomoni kama hajitambui, kitaingia mapafuni.

Kwa hiyo hadi wiki 12 apate milo 4 au 5, wa mwisho ukiwa karibu na saa ya kulala. Aliye chini ya kilo 1 ni vizuri kumwamsha usiku ale kidogo. Kati ya miezi 3 na 6 milo 3 hutosha, kisha 2, ingawa wale wadogo kabisa ningewaachia 3.

Sasa gramu. Mbwa wa kilo 1 akiwa ametulia tu hutumia kama kilokalori 70 kwa siku. Anayekua, hadi miezi 4, zidisha kwa 3: ni 210. Tazama pakiti, ikiwa chakula kina kilokalori 380 kwa gramu 100, anahitaji gramu 55 kwa siku, yaani karibu gramu 14 kwa kila mlo kati ya milo 4. Wa kilo 2 hahitaji maradufu: akiwa umri huohuo ni gramu 93 hivi, si 110. Akivuka miezi 4 unazidisha kwa 2 badala ya 3, na mbwa huyohuyo wa kilo 2 anashuka hadi gramu 62. Wengi hushtuka hapo, wakidhani wanamnyima.

Hizi ni hesabu za kuanzia tu. Pima chakula kwa mizani ya jikoni, si kwa kikombe. Gramu 5 ukizikosea katika 55 umekosea karibu asilimia 10. Jedwali la pakiti nalo lisome kwa makini, kwa kuwa mengine hutaja uzito wa leo na mengine uzito atakaokuwa nao akikomaa. Mpime mbwa kila wiki kabla ya kula, upapase mbavu: zigusike bila kubonyeza, zisichomoze. Zikifichika, punguza sehemu 1 ya 10, kisha subiri wiki nyingine.

Kuna ushauri kwamba mbwa anayechagua chakula aondolewe sahani hadi njaa imfundishe adabu. Kwa mbwa mkubwa sawa. Kwa huyu wa wiki 9 ni kucheza na uhai wake. Loweka punje za chakula kikavu kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, harufu itamvuta na meno ya utoto hayatapata shida. Akikataa milo 2 mfululizo, ni kazi ya daktari.

Zawadi za mafunzo zisizidi asilimia 10 ya kalori. Katika 210 hiyo ni 21 tu, sawa na punje za gramu 5 au 6, basi zichote kwenye posho yake ya siku. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha kwa mifupa inayokua.

Akifikisha miezi 10 hadi 12, mhamishie chakula cha mbwa waliokomaa kwa siku 7: changanya robo siku 2 za kwanza, nusu siku 2, robo tatu siku 2, kisha chote. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma.