Nilivyozipata kaboni kairali zote nane za kolesteroli

Kinachosumbua kwenye kolesteroli ni pete nne zilizoshikana: mchoro unaficha haidrojeni, na kila kona inafanana na jirani yake. Nilianza kwa kufuta. Kaboni kairali hushika makundi manne tofauti, kwa hiyo nikakata zenye bondi maradufu (zina makundi matatu tu), kisha kila CH2 na CH3, maana haidrojeni zake zinafanana.

Kwenye pete, nilifuata njia zote mbili mpaka zilipotofautiana. Kaboni ya 3 (kwa namba za kawaida za kaboni za kolesteroli) ina OH na H. Kupitia 4 unafika kwenye bondi maradufu ya 5, kupitia 2 unakuta CH2 nyingine. Basi ni kairali! Kaboni ya 25, mkiani, inahadaa macho, ila inabeba CH3 mbili. Nikaifuta. Zikabaki 3, 8, 9, 10, 13, 14, 17 na 20.